Negativu za baba zilivyokuwa zikitoka na mabaka

Baba alituachia kopo la biskuti lililojaa negativu za milimita 35, nyingi nyeusi na nyeupe, alizopiga Tanga miaka ya 1970. Nilipozipitisha kwenye skana ya filamu hapa nyumbani, za rangi zilitoka safi. Nyeusi na nyeupe zikatoka na mabaka, nyuso kama zimepakwa nta. Jicho moja la bibi lilifutika kabisa. Nikadhani ni ukungu, nusura nizioshe. Nashukuru sikuziosha.

Kumbe shida ni kile kipengele cha skana cha kuondoa vumbi. Humulika filamu kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho: filamu ya rangi huipitisha, vumbi huizuia, hivyo programu hujua pa kuziba. Lakini picha nyeusi na nyeupe imeumbwa kwa chembe za fedha, nazo huizuia vilevile. Programu ikazichukulia nyuso zao kuwa uchafu.

Nikakizima. Sasa napuliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, nashika mkanda kingoni tu, naskani kwa dpi 3200 (nukta 3200 kwa kila inchi). Jana nilimwonyesha mama: maandishi ya kanga ya bibi yanasomeka. Akayasoma kwa sauti, kisha akanyamaza.