Usiku wa Kuzima Pampu

Mtaa ule wa Ilala ulikuwa ukipata maji ya mgao usiku, mara moja kwa wiki. Yakifika, hakuna anayelala. Pampu zinanguruma ua hadi ua, kila nyumba inavuta maji ya kujaza simtanki lake, watoto wanaamshwa washike madumu. Lakini nyumba za mwisho mtaani hazikuwa zikipata hata ndoo. Watu walishaanza kunyoosheana vidole, na kidole kikubwa kilikuwa kwa bibi mmoja muuza vitumbua, ambaye simtanki lake lilijaa kila mgao. Walisema kajiunganishia bomba la kificho.

Mimi wakati huo nilikuwa msaidizi wa fundi mmoja mtu mzima, nikimwita Mzee, naye akiniita mwanangu. Kazi yetu ilikuwa kutafuta mahali bomba linapovuja chini ya ardhi, kwa kusikiliza.

Tulipita mtaani mchana tukakuta pakavu kila mahali. Hilo halikumtisha Mzee. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imekaa juu ya mchanga, na mchanga hunywa. Bomba linaweza kumwaga miezi kadhaa bila kulowanisha ndala ya mpita njia, na yale ni maji ya Ruvu, yamesafiri zaidi ya kilomita 50, yametiwa dawa, yamesukumwa kwa umeme. Hadi leo roho inaniuma nikifikiria maji yanavyosafirishwa kote huko yaje kuzama hatua chache kutoka kwenye ndoo ya mtu.

Kinachosaidia ni kwamba maji yenye presha yakipenya kwenye tundu hayatoki kimya. Yanalitetemesha bomba, na mtetemo ule unakimbia ndani ya chuma pande zote mbili. Bomba la plastiki huumeza mapema, inabidi usogee karibu sana ndipo usikie. La mtaa ule lilikuwa la chuma, la zamani. Shida ni kwamba pasipo presha hapana sauti, na presha ilikuja usiku wa mgao tu, saa ileile ambayo pampu zote zilikuwa zikinguruma. Pampu inayovuta maji kwenye laini inatetemesha bomba kuliko tundu lolote.

Kwa hiyo tulilazimika kuwaomba watu wazime pampu katika usiku pekee waliokuwa na maji. Mjumbe wa nyumba kumi alituongoza. Nyumba ya kwanza tulikataliwa, ya pili tukaambiwa tutazungumza baadaye. Ya tatu ilikuwa ya yule bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimeshasikia mnachotaka. Nusu saa?"

"Nusu saa tu, mama," Mzee akasema. "Ikizidi, washa."

Alimtazama mjumbe, si sisi. "Mimi ndiye ninayesemwa naiba. Basi nazima wa kwanza, na waniangalie nikizima."

Akazima. Kisha akajifunga kanga vizuri, akatoka mwenyewe kugonga milango, na pale tulipokataliwa alifunguliwa. Sijui aliwaambia nini huko ndani. Nilichosikia ni pampu zikinyamaza moja baada ya nyingine, hadi mlinzi wa kona akazima redio yake.

Mzee alitangulia na fimbo yake ya chuma, ncha moja juu ya koki ya mtaani, nyingine sikioni. Akanipa na mimi. Ilikuwa sauti nyembamba isiyokatika, kama mafuta yaliyoshika moto kaangoni. Tukabandika vipokezi viwili vyenye sumaku kwenye valvu mbili zilizoachana mita 90, bomba letu likipita katikati. Mashine inasikiliza kote kuwili na kupima sauti imechelewa kiasi gani upande mmoja. Kwenye chuma kama kile sauti hukimbia takriban mita 1,200 kwa sekunde. Bajaji ikapita, ikatubidi tuanze upya. Mara ya pili tofauti ilitoka sekunde 0.04, yaani mita 48. Toa 48 kwenye 90, gawa kwa mbili: tundu lipo mita 21 kutoka valvu iliyosikia kwanza.

Mzee hakuichukulia mashine kuwa neno la mwisho. Alivaa hedifoni, akawa anaweka kipaza sauti cha ardhini hatua kwa hatua juu ya ile laini, anasimama, anarudi nyuma, hadi mahali sauti ilipokuwa nene kuliko pengine pote. Nikapiga alama ya chokaa. Palikuwa mbele kidogo ya nyumba ya bibi. Kwake maji yalikuwa yakifika kabla ya tundu; waliokosa wote walikuwa baada yake. Mjumbe alilielewa hilo bila kuelezwa.

Alfajiri valvu zilipofungwa tukachimba. Sururu ilizama ghafla, kwa kuwa maji yalishatengeneza shimo chini kwa chini. Kiungo kilikuwa kimeliwa na kutu upande wa chini, tundu lapitisha kidole gumba. Majirani walisimama ukingoni wakatazama bomba lote tulilolifukua, pande zote mbili, na halikuwa na tawi la siri. Mmoja wao, baba wa makamo, alivuka barabara kwenda kwa bibi kusema naye. Tukakata kipande kilichooza, tukaunganisha kipya.

Mgao uliofuata tulirudi, kwa sababu mvujo mkubwa huficha midogo. Safari hii hatukugonga mlango. Tulikuta bibi ameshazungumza na watu, pampu zimezimwa kabla hatujafika. Mzee akaweka fimbo kwenye koki ileile, kimya. Akasogea koki ya pili, ya tatu, karibu na zile nyumba za mwisho ambako sasa maji yalikuwa yakitiririka kwenye ndoo. Akaomba bomba la uani lifungwe kidogo, akasikiliza tena, akaniita.

"Ipo nyingine hapa, mwanangu. Ndogo. Lete vipokezi."