Mvua ishirini

Wiki hii barua ya kupandishwa cheo imetoka, mwanangu wa kwanza kamaliza mtihani wa darasa la saba, na posa ya mdogo wangu imejibiwa vizuri kule Tanga. Alhamdulillahi kwa yote. Lakini kila nikilaza kichwa namsikia yule mama wa Goba, hapa Dar es Salaam.

Jumanne nilipanda na mafundi kupima msukumo wa maji mwisho wa laini ya bomba, kwenye kilima cha huko Goba. Kila mita 10 za kupanda zinakula baa 1 ya msukumo, kwa hiyo mchana, watu wa bondeni wakishafungua, juu bomba linatoa upepo. Geji ilisoma sifuri. Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani, anachambua mchicha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Si wewe uliyekuja na makaratasi?"

Ni mimi. Februari 2015, mgeni kazini, naandikisha kaya nyumba hadi nyumba.

"Uliniambia mvua mbili tu, maji yatafika. Nimehesabu ishirini."

Hakupandisha sauti. Mikono haikuacha mchicha. Na mimi, mhandisi wa rasilimali za maji, nikamjibu: "Mama, tunalifanyia kazi."

"Haya, mwanangu."

Hiyo "haya" imenikaa kooni. Tunalifanyia kazi ni maneno ya kuandika kwenye ripoti. Mtu anayeamka saa nane usiku kukinga maji, kwa kuwa ndiyo saa watu wa chini wamelala na bomba linapata nguvu ya kupanda, utamwambiaje hivyo? Tena usiku ambao hayakupanda ananunua madumu ya mkokoteni. Ningeweza kumweleza kwamba pale panahitaji tangi juu ya kilima na pampu ya kulijaza, kwamba mchoro nimeuchora mwenyewe na nimeuombea bajeti mara mbili. Angeelewa. Mvua mbili zile nilizitamka kwa sababu nilisikia wakubwa wangu wakizitamka. Sikuwa na hesabu yoyote nyuma yake. Yeye ndiye aliyekaa akahesabu.

Alhamisi usiku nikachukua kalamu. Masika kuanzia 2015 hadi ya 2025, 11. Vuli kuanzia 2015 hadi ya 2024, 10. Jumla 21. Nikarudia, 21. Nikasema mama wa watu kakosea moja, na nakiri nilipata nafuu kidogo, kana kwamba kosa lake linapunguza langu.

Kisha nikaikumbuka vuli ya 2022. Mvua zilichelewa, mto Ruvu ukashuka, na Oktoba ile jiji zima likaingia kwenye mgao. Ruvu Chini ni mtambo wa lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu milioni 196, lakini mtambo hauzalishi maji, unayachota mtoni. Nilikuwa kule kila alfajiri nikisoma kipimo cha kina, namba inashuka, natamani niisome vibaya. Ile haikuwa mvua ya kuhesabiwa. Mama hakuihesabu!

Nilimwamsha baba watoto saa sita usiku kumwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza tu, "Sasa utarudi lini?" Jumatatu. Nakwenda na mchoro, nitaukunjua pale barazani nimwonyeshe tangi litakaa wapi na kwa nini bado halijajengwa. Mvua sitamtajia hata moja. Tangu usiku ule najisikia mwepesi, hata chai ya leo asubuhi nimeinywa nimekaa.

Ila huyu mwanangu mdogo, wa darasa la pili. Jioni namkuta anasoma, kitabu kakiweka karibu kabisa na pua. Nikamwambia akisogeze mbali, akakisogeza, akanyamaza. Nikamwambia asome. Akasema, "Mama, herufi zimeondoka." Kliniki ya macho hawafungui hadi Jumatatu, na Jumatatu ndiyo hiyo hiyo.