Mradi wa pete za miti: pete moja iliyokosekana

Nilikusudia wiki hii nichore grafu ya kwanza ya upana wa pete, ambazo mti huongeza moja kila mwaka na ambazo nataka zinisomee hali ya hewa ya zamani, lakini kazi nzima imesimama kwa sababu ya pete moja. Vipande viwili vya misonobari, vilivyokatwa kimviringo kutoka katika miti miwili iliyoangushwa mwaka mmoja katika msitu mmoja, vinapatana vizuri kuanzia kwenye gome hadi pete ya 21, na baada ya hapo vinaachana. Pete nyembamba iliyo ya 27 katika kipande cha kwanza ni ya 26 katika cha pili, na ile ya 34 ni ya 33.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa pete ya uongo katika kipande cha kwanza. Msonobari huunda seli pana zenye kuta nyembamba msimu wa ukuaji unapoanza, kisha seli ndogo zenye kuta nene unapokaribia kwisha, na hizo ndizo zinazofanya mstari mweusi. Ukame wa katikati ya msimu unaweza kuzaa mstari kama huo, ila weusi wake hufifia polepole pande zote mbili, ilhali mstari wa kweli hukatika ghafla upande wa gome. Nilichunguza kwa lenzi mistari yote ya eneo hilo. Yote inakatika ghafla.

Basi kosa lilikuwa katika kipande cha pili. Nilikisugua upya kwa msasa, nikimalizia na namba 600, kisha nikaizungukia pete ya 21 kwa ncha ya penseli. Karibu na robo ya mwisho ya mzunguko ukajitokeza, kando yake tu upande wa kiini, mstari mwembamba wa safu mbili tatu za seli, ambao ukiufuata unaungana na jirani yake na kupotea. Mwaka huo mti ulikuwa na dhiki kiasi cha kuongeza ubao upande mmoja tu wa shina. Laiti ningetumia keekee ya kutoboa sampuli nyembamba, ambayo hupita katika mstari mmoja kutoka gome hadi kiini, huenda nisingeiona kamwe.

Kwa hiyo kuhesabu pete si sawa na kuzipa miaka. Andrew Ellicott Douglass, mwanafalaki wa Arizona aliyeingia katika miti akitafuta mizunguko ya madoa ya jua, alisisitiza kulinganisha mpangilio wa pete nyembamba na pana kati ya mti na mti. Mwaka 1929 gogo lililopewa alama HH-39 liliunganisha mfululizo wake wa pete za mbao za kale na ule wa miti hai, na magofu ya Wapueblo, wenyeji asilia wa eneo hilo, yakapata tarehe.

Bado upana wa pete haujawa hali ya hewa. Pete za karibu na kiini ni pana kwa sababu ya ujana wa mti, na jirani akianguka, mwanga unaoongezeka hupanua pete kwa miaka kadhaa bila mvua kubadilika. Kwa hiyo nitagawanya kila kipimo kwa upana unaotarajiwa wa umri huo, na nitahitaji miti mingi zaidi ya miwili.

Jioni hii nimefuta nukta za penseli za pete ya 30 na ya 40 katika kipande cha pili, nikazisogeza pete moja kuelekea gome. Zile za 10 na 20 zimebaki mahali pake.