Kitabu inayotapika makaratasi

Wiki jana muzee moja aliingia mu atelie yangu ya kufunga bitabu hapa Lubumbashi, mwalimu wa pensheni, na karto mbili za bitabu mukononi. Ni historia ya familia yake, aliandika mwenyewe miaka mingi, njo akatosha nakala 40 ya kugawia bana na bajukuu. Akafungua moja mbele yangu, makaratasi tatu ikaanguka chini. "Mwana, ona, kitabu yangu inatapika makaratasi." Nikamujibu paka "Papa, niachie nione", juu kwa kweli iliniuma.

Miaka ya nyuma ile kitabu haingezaliwa hata. Ofseti, namna ya kuchapa bitabu mingi, inaomba plaki, bati nyembamba ya kuchapia, kwa picha ya rangi plaki ine, na bei ya plaki ni ile ile utoshe nakala 40 ao 4.000, kwa hiyo maandishi ya watu kama yeye ilikuwa inabakia mu kayé, mu daftari. Masini ya dijitali haiombe plaki, unatuma PDF unatosha hata kumi, na mimi nafurahi sana kwa hiyo. Mu 2024 kule Düsseldorf walifanya tena drupa, maonyesho kubwa ya watu wa emprimeri, ya kwanza ya ana kwa ana tangu 2016 juu ya Korona, na habari ilikuwa masini za kujiendesha na akili bandia. Sawa. Lakini hapa kwetu kitabu inafia ku mugongo, pale pa kufunga.

Bitabu ya muzee walifunga na kola ya moto, ile plastiki ya kuyeyusha inaitwa EVA, dakika chache na imekwisha. Hali ya hewa yetu haiipendi. Asubuhi ya mwezi wa sita baridi inaikausha inakatika sawa bisikuti, mwezi wa kumi ukisahau kitabu ndani ya motokari juani inalegea. Kuna kola ingine ya moto inaitwa PUR, ina nguvu kuipita EVA sana na ikishashika hairudie kuyeyuka, ila inashika kwa kunywa unyevu wa hewa, na wewe unajua hewa ya Lubumbashi mwezi wa munane iko kavu namna gani, na tena moshi yake ni mbaya kwa mapafu, lazima masini ikuwe na kivuta moshi.

Na kola haikuwa shida peke yake. Bitabu yote 40 ilikuwa imejikunja mawimbi mawimbi sawa manjanja, mabati ya nyumba. Karatasi iko na nyuzi, zinalala upande moja, na mu kitabu zinapashwa kufuata mugongo, kutoka juu kwenda chini. A4 ya kawaida ya fotokopi mara nyingi nyuzi zake zinafuata urefu, sasa ukiikunja katikati upate kitabu ya A5 nyuzi zinakata mugongo, mvua ikianza karatasi inavimba vibaya, haikubali kulala, inasukuma kola mupaka inaachia. Jaribu mwenyewe: pasua karatasi kwa mukono, upande inapasuka moja kwa moja njo upande wa nyuzi.

Dawa yake ni rahisi na sielewi juu ya nini hatuifundishe bana wanaoanza kazi. Nunua rame, pakiti ya karatasi, ya A3 yenye nyuzi zinafuata urefu, kata katikati, unapata A4 yenye nyuzi zinafuata upande mufupi, hapo ukikunja A5 nyuzi zinafuata mugongo sawasawa. Halafu karatasi ine moja ndani ya ingine, kurasa 16, unashona na uzi wenye kupakwa nta, fungu kwa fungu, kola nyeupe ya baridi inakuja nyuma kusaidia tu. Kitabu moja inanikamata karibu saa nzima. Ukiifungua inalala ku meza bila kushikilia, na hata kola ikichoka kesho uzi unabakia.

Muzee amekubali tutoshe upya nakala kumi kwanza, moja ya kila mutoto wake, nimeanza kukata A3 jana. Natumia uzi wa bashona biatu juu wa kitani sijaupata mu soko ya hapa, kama unajua pa kuupata mu mji ao ku Kasumbalesa, kule mupakani na Zambia, tafazali niandikie.