Gorogoro ya Mama Nafaka

Jumamosi tulimzika Mama Nafaka. Jina lake halisi nililisikia kanisani kwa mara ya kwanza, likisomwa kwenye wasifu, nikaona haya. Nimenunua mahindi kwake tangu nilipohamia Nakuru mwaka 2010.

Duka lake lilikuwa Bondeni, chumba chembamba chenye magunia yaliyokunjwa midomo: mahindi, ndengu, njahi, maharagwe ya nyayo. Wajua ule mchezo wa kubonyeza kitako cha gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, ndani ili kilo mbili zisifike? Mama Nafaka, akiona mteja mgeni, alikuwa anaipindua kwanza gorogoro yake, anaigonga kitako kwa kidole, halafu ndiyo anachota. Alijaza mpaka kilele, punje zikianza kuporomoka. Hata zile zilizoporomoka alizikusanya kwa kiganja akakutilia mfukoni.

Lakini mpole hakuwa, tusidanganyane kwa sababu amekufa. Ukitia mkono kwenye gunia la njugu utafune huku ukiuliza bei, ulizabwa kofi la mkono. Mimi pia nililipata, na ualimu wangu wote.

Kwenye matanga majirani walikumbuka Januari 2008, wakati Uwanja wa Afraha na ule wa maonyesho vilipojaa watu waliofukuzwa makwao katika ghasia za baada ya uchaguzi. Wanasema aliuza kupitia mlango wa nyuma, bei ileile ya Desemba, na hakumuuliza mtu kwao ni wapi. Niliyoyaona mwenyewe ni ya 2017. Ukame ulikuwa umeadimisha unga, serikali ikatoa ruzuku pakiti ya kilo mbili iuzwe shilingi 90, na foleni za supamaketi zikafika barabarani. Mama Nafaka aliweka sheria yake: gorogoro mbili kwa kila nyumba. Jamaa mmoja akaja na pickup na pesa taslimu, anataka magunia yote.

"Na hawa watakula pesa zako?" akamuuliza, akaendelea kuchota.

Jumatano jioni, baada ya mchango, kifungua mimba wake alitoa daftari la madeni. Nilidhani ataomba tulipe. Kumbe alikwama kulisoma. Mama hakuandika majina. Alikuwa na watu wake: "Miwani, 120." "Baba pacha, gorogoro 1 njahi." "Yule wa kucheka, 80." Kijana akawa anasoma kwa sauti, na sisi tukaanza kujitambua mmoja mmoja. Mama mmoja aliyekuwa analia tangu saa kumi akainua mkono: "Wa kucheka ni mimi." Hapo matanga yakaangua kicheko hadi mchungaji akatoka nje kutazama.

Kisha akasoma: "Mwalimu kikohozi, 340."

Nilikohoa kabla sijajibu. Deni lilikuwa la Novemba, wiki ambayo mshahara ulichelewa, na nilikuwa nimelisahau kabisa. Nikatoa 350. Kijana hakuwa na chenji. Akaingia dukani kwa tochi ya simu, akarudi na njugu za shilingi kumi kwenye kipande cha gazeti, amezipima kwa kiganja cha mkono.

Zilikuwa chache. Mama yake angezirudisha akaongeza. Nilizitafuna njiani hadi nyumbani.