Kabureta ya Pwani, Hewa ya Njombe

Nilipohamishiwa Njombe nikitokea Bagamoyo, nilikwenda na pikipiki yangu ya cc 125, ambayo kwa miaka mitatu pwani haikuwahi kunisumbua. Haikupita wiki mbili ikaanza kuzima kila niliposimama njia panda, eksozi ikawa inatoa moshi mweusi, na mafuta yaliyokuwa yakinitosha siku nne yakawa yanaisha kabla ya siku ya tatu.

Fundi wa kwanza alifungua kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, akazichokoa jeti, vile vipande vyenye tundu dogo la kupitisha mafuta, kwa uzi wa waya wa breki ya baiskeli, kisha akapandisha sailensa, yaani mwendo wa injini wakati mafuta hayajavutwa, hadi injini ikawa inalia kama imebanwa. "Hii ni baridi tu, Mwalimu, itazoea," akaniambia. Haikuzoea, na ulaji wa mafuta ukazidi. Baadaye nilielewa kwamba jeti hutengenezwa kwa shaba ya njano, ambayo ni laini, na kwamba tundu likikwanguliwa kidogo tu kwa chuma halirudi tena kipimo chake.

Nikaamua kujifunza mwenyewe, na jambo la kwanza lilikuwa kupima badala ya kukisia. Nilijaza tangi hadi shingoni, nikaenda Makambako na kurudi, mwendo wa kilomita 120 hivi, kisha nikajaza tena hadi pale pale. Ziliingia lita 4, maana yake kilomita 30 kwa lita.

Sababu kubwa ilikuwa hewa yenyewe. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya tano kuliko ya Bagamoyo. Petroli huungua vizuri ikipata hewa takriban mara 14.7 ya uzito wake, lakini kabureta haina namna ya kutambua kwamba hewa imepungua, hivyo huendelea kumimina mafuta karibu kama ilivyozoea pwani. Plagi yangu ilipofunguliwa ilikuwa nyeusi na kavu kama sufuria ya kuni, ilhali plagi ya injini inayopata mchanganyiko sahihi huwa na rangi ya kahawia.

Hata hivyo sikuigusa kabureta siku hiyo, na nadhani huo ndio uamuzi ulioniokoa. Nilianza na filta ya hewa, ambayo ilikuwa imejaa vumbi la barabara za vijijini. Nikapima tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa kwenye valvu, injini ikiwa baridi kabisa, nikakuta ya valvu ya eksozi imekaza kuliko milimita 0.08 zinazotakiwa na kitabu cha pikipiki yangu, na tapeti iliyokaza huyumbisha sailensa hata kama kabureta ni mpya. Kisha nikapaka maji ya sabuni pale kabureta inapoungana na injini, injini ikiunguruma, nikisikiliza kama sauti itabadilika, kwa sababu hewa inayopenya hapo huharibu marekebisho yote. Hapo hapakuwa na tatizo.

Ndipo nikafunga koki ya mafuta, nikaimwaga petroli iliyobaki ndani ya bakuli la kabureta, nikaishusha kabureta mbali na jiko. Njia ndogo nilizisafisha kwa upepo wa fundi pancha. Jeti zilizochokolewa nilizitupa, nikanunua mpya, ile kubwa nikiichukua yenye namba moja chini ya ya awali, yaani yenye tundu jembamba zaidi.

Kurekebisha skrubu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta ndiko kulikohitaji subira. Iwapo skrubu hiyo iko upande wa filta, huongoza hewa, na kuifungua hupunguza ukali wa mafuta. Ikiwa upande wa injini, kama yangu, huongoza mafuta, na kuifungua huyaongeza. Wengi huzungusha bila kujua wanayo ipi. Niliendesha dakika kumi ili injini ipate moto, nikaikaza skrubu taratibu hadi ikagusa mwisho bila kuibana, nikaifungua mizunguko miwili. Kutoka hapo nikawa naikaza robo mzunguko kwa wakati mmoja, nikisubiri kidogo kila mara, na injini ikawa inapanda mwendo yenyewe hadi nilipofika mzunguko mmoja na robo. Nilipopita hapo ikaanza kukohoa, nikarudi. Kisha nikashusha sailensa kwa skrubu yake hadi kama mizunguko 1,400 kwa dakika, nikarudia kazi yote mara ya pili. Mwishowe nikageuza usukani kulia na kushoto, kuhakikisha waya wa mafuta hauvutiki na kupandisha sauti.

Skrubu hiyo hutawala pale tu mafuta yanapokuwa hayajavutwa au yamevutwa kidogo. Mwendo wa kawaida wa barabarani hutegemea sindano iliyo ndani ya kabureta, hivyo nilihamisha kiklipu kinachoishikilia mkato mmoja juu, ili sindano ishuke na kubana mafuta. Nilishawishika kukihamisha mara mbili, lakini mafuta yakipungua mno injini hupata joto kali, na pistoni inaweza kutoboka.

Safari iliyofuata ya Makambako ilitumia lita 2.9, yaani zaidi kidogo ya kilomita 41 kwa lita, na pikipiki ikawa inaunguruma kwa utulivu hata asubuhi zenye ukungu, mradi nivute choki dakika moja.

Miezi kadhaa baadaye niliteremka hadi Manda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini ya mita 500. Kila nilipoachia mafuta kwenye mteremko eksozi ilipiga risasi, na nilipofika sailensa ilikuwa inachelewa kushuka. Nikaifungua skrubu nusu mzunguko, nikarudisha kiklipu mahali pake pa zamani, na kwa siku zote tatu nilizokaa huko nikajizuia kuvuta mafuta hadi mwisho, kwa kuwa ile jeti kubwa ya namba ya chini niliyoinunua ilikuwa ya Njombe.