Ile "li" ya gunia: nilivyoweza kugeuza sentensi za Kiingereza

Nilirudia mtihani wa kidato cha nne nikiwa na miaka 29, mtahiniwa wa kujitegemea, huku nauza dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Masomo mengine sikuyaogopa. Lililokuwa linaniangusha ni lile swali la Kiingereza la kugeuza sentensi: unaambiwa uianze kwa neno fulani, au utumie neno fulani, na maana ibaki ileile.

Mwalimu wa tuisheni, niliyemlipa kama elfu ishirini na kitu kwa mwezi, alitupa fomula: ukiona "too... to", futa, weka "so... that" na "not". Kariri, usiulize. Nikakariri. Kwenye jaribio ikaja "The sack is too heavy for me to lift." Nikaandika: "The sack is so heavy that I cannot lift." Nikakoseshwa. Nilipouliza kosa liko wapi, akasema nirudi kwenye fomula. Jibu lile linanikera mpaka leo, maana fomula niliifuata neno kwa neno.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika, na mzigo sokoni unapungua. Siku hizo ndizo zilikuwa darasa langu, kaunta buku mapajani. Asubuhi moja kijana wa kubeba mizigo akalishika gunia langu, akaliinua kidogo, akaliachia. "Dada, hili limezidi, siwezi kulibeba peke yangu."

Kulibeba! Nikaisikia ile "li" kama mara ya kwanza. Ukiniambia "siwezi kubeba" ukanyamaza, nitakuuliza, kubeba nini? Sisi gunia tunalipachika ndani ya kitenzi. Kiingereza hakina pa kulipachika, kwa hiyo linakaa nyuma yake: "The sack is so heavy that I cannot lift it." Kwenye "too" hiyo "it" haihitajiki, lakini ukishaandika "that" umefungua sentensi nyingine, nayo inadai kila kilicho chake. Na kama mwanzo ni "was", basi "cannot" inakuwa "could not". Hilo nalo hakuna aliyenitajia.

Kuanzia hapo nikaacha kukariri, nikawa nauliza Kiswahili changu kwanza. "If you do not hurry, you will miss the ferry." Wenzangu wengi waliandika "Unless you do not hurry", yaani ukiwahi ndiyo kivuko cha Kamanga kikuache! Mimi nilijiambia "usipowahi". Ile "-sipo-" imeshameza ukanusho, na "unless" imeumeza vilevile, kwa hiyo ni "Unless you hurry" basi.

Kuna mahali Kiswahili kinakuponza. Sisi tunasema "ingawa mvua ilinyesha, lakini mitumbwi ilitoka", na hakuna anayeshtuka. Kwa Kiingereza ukiweka "although", "but" usiiguse. Na ukiambiwa utumie "in spite of", tafuta nomino: "In spite of the rain, the boats went out."

"No sooner" sikuipatia njia ya mkato. "No sooner had the boat landed than the buyers ran to it." Niliiandika mara nyingi hadi mkono ukazoea kwamba "had" inamtangulia mtendaji, na mwenzake ni "than". "When" yenyewe ni mwenzake wa "hardly".

Kila jibu nililirudisha Kiswahili nikalinganisha na sentensi ya kwanza: nani kafanya, lini, na je, jambo limetokea au halikutokea? Kimojawapo kikihama, nafuta.

Nilipata C. Siku hiyohiyo nilimtafuta yule kijana, nikamnunulia ugali na sato mzima. Alishangaa, nikamweleza habari ya "kulibeba". Sasa naye ana kaunta buku lake, na mbalamwezi ijayo tunaanza na "unless".